Hundi Moja Hadi Kitwe

Miaka ile, mtu aliyepita Kihesa, mjini Iringa, akimuulizia fundi wa masweta alielekezwa kwa Evarista. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha ndugu zake: akishasema atafanya jambo, maneno yameisha. Mumewe alipofariki, wakwe walimshauri arudi kwao Kilolo akashike jembe. Akajibu kwamba atabaki mjini na atamsomesha mwanawe Marta kwa sindano za kufumia. Walimcheka. Sasa Marta alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila Januari wazazi wa Iringa walipanga foleni barazani kwa Evarista, watoto wao wakipimwa mabega.

Mwezi wa sita wa mwaka 1978, baridi ikiwa imekaza, alibisha hodi mgeni asiyemfahamu. Alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, jina lake Andendekisye, mfanyakazi wa mgodi mmoja wa shaba huko Kitwe, Zambia. Alikuwa nyumbani kwa likizo. Evarista alimkaribisha chai, na mgeni akainywa yote kabla ya kusema lililomleta.

"Dada, mimi nafanya kazi na kaka yako Timotheo. Mwamba ulimwangukia mguuni huko chini. Mguu umekatwa, hapa, chini ya goti."

Evarista aliweka sindano zake mezani. "Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na sisi hatujaambiwa?"

"Alinikataza. Hata leo hakunituma, nimekuja kwa akili yangu. Hatoki nje, dada. Anakula anacholetewa na jirani, na siku nyingine anakirudisha kama kilivyo. Na ile nyumba ni ya mgodi, hawatamwachia milele."

Timotheo alikuwa ameondoka Kilolo kijana kabisa, kabla ya uhuru, akisema anakwenda kwa miaka miwili. Mwanzoni alituma pesa na salamu. Baadaye zikabaki salamu tu, na mwisho hata salamu zikakoma. Evarista alimkumbuka akimbeba mgongoni kuvuka kijito wakati wa mvua, akimtania kwamba angemdondosha.

Kesho yake alipanda gari kwenda Kilolo kumweleza mama yao. Bibi Rozalia alikuwa ameketi jikoni, macho yake yameshaingia ukungu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kulia, kisha akauliza swali moja.

"Mguu mmoja unatosha kumfikisha hapa?"

"Unatosha, mama."

"Basi kamlete."

"Nitamleta," akasema Evarista, na kuanzia hapo ikawa kama tayari yuko njiani.

Alipata hati ya kusafiria baada ya kwenda na kurudi ofisini mara nyingi kuliko alivyopenda. Akafungasha viazi vya kuchemsha, mahindi ya kukaanga na karanga. Juu yake akapanga masweta machache: moja kubwa la Timotheo, mengine ya watoto wa huyo jirani aliyekuwa akimlisha. Kisha akapanda basi hadi Mbeya, akapokelewa mtaa wa Soweto nyumbani kwa Andendekisye na mkewe, Tupokigwe.

Jioni walikula wali na maharage, na Andendekisye akamweleza mambo ya fedha.

"Ukishapita Tunduma, shilingi yako ni karatasi tu. Hakuna mtu dukani wala kwenye basi atakayeipokea. Lazima ibadilishwe iwe kwacha, na kila inapobadilishwa kuna anayekata chake. Benki ya hapa itakuuzia hundi ya wasafiri, itakata ada. Benki ya kule itaigeuza hundi iwe kwacha, nayo itakata yake. Na ikibaki, ukirudi nayo, inakatwa tena."

"Ni kama kufumua sweta na kulifuma upya," alisema Evarista. "Kila ukifumua, uzi unapungua."

"Ndiyo hivyo. Tena wale wa vichochoroni pale mpakani ndio wabaya zaidi. Anakwambia hachukui ada, kumbe amekwisha kukata kwenye bei yenyewe."

Tupokigwe alicheka. "Mwenzangu, huyu mume wangu aliwahi kurudi na noti za kwacha, zikakaa chini ya godoro hadi zikaota ukungu. Hakutaka kukatwa."

Usiku ule Evarista alifikiri. Hakujiuliza atapataje kwacha nyingi. Alijiuliza ni vitu gani hasa vinavyohitaji kwacha. Chakula cha njiani anacho. Malazi ni kwa kaka yake. Kubwa lililobaki ni nauli. Asubuhi aliondoka kabla ya chai kupoa, akaenda moja kwa moja steshini ya reli iendayo Kapiri Mposhi, Zambia.

"Naomba tiketi ya kwenda Kapiri Mposhi na kurudi," alimwambia karani dirishani. "Na nyingine, ya kutoka Kapiri kuja hapa. Ya kaka yangu."

"Yuko wapi huyo kaka?"

"Kitwe."

Karani alimtazama. "Sasa mama, huyo si angekata tiketi yake hukohuko?"

"Hukohuko italipwa kwa kwacha. Mimi nina shilingi."

"Na asipokuja? Tiketi ina tarehe, mama. Treni ya Ijumaa ijayo ikiondoka bila yeye, hasara ni yako."

"Atakuja."

Karani aliinuka akaenda kumuuliza mkubwa wake. Alikaa huko muda, na foleni nyuma ya Evarista ikaanza kuguna. Aliporudi alizigonga mhuri tiketi. Evarista alizifunga kwenye kitambaa, akakificha kifuani.

Kutoka pale alikwenda benki. Kijana wa dirisha la fedha za kigeni alikuwa mpole. Alikagua hati, akakagua tiketi, akamweleza kwamba ruhusa ni ya kiasi kidogo tu. "Kidogo kinanitosha," alisema Evarista, na kijana akashangaa, maana hakuzoea kusikia hivyo. Kisha akamshauri. "Ndugu, benki nyingi kule hukata ada kwa kila karatasi ya hundi. Ukichukua ndogondogo utakatwa mara nyingi. Chukua moja kubwa."

Evarista alimshukuru na kuchukua moja. Aliridhika kwamba safari nzima ameibana vizuri. Hakufikiria kwamba hundi moja ina ubaya wake.

Treni ilitembea vizuri hadi mpakani. Maofisa walipita behewa kwa behewa, wakaangalia hati na mizigo, wakamwacha. Baada ya hapo injini ilipata hitilafu, wakasimama saa nyingi kwenye pori la miti mifupi, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Evarista alifuma. Walipofika Kapiri Mposhi ilikuwa Jumamosi, jua limeshageuka, na benki zilikuwa zimefungwa hadi Jumatatu.

Alisimama nje ya steshini na hundi yake moja, nzuri, yenye maandishi ya rangi, isiyoweza kununua hata ndizi. Vijana watatu walimzunguka. Mmoja alijua Kiswahili cha kubabaisha.

"Mama, hundi? Lete, sisi kubadilisha. Sasa hivi."

Bei aliyomtajia ilikuwa nusu ya kilichoandikwa, na kwa kuwa hundi ilikuwa moja, asingeweza kubadilisha kidogo tu.

"Nusu nyingine inakwenda wapi?"

"Ni ada, mama. Leo Jumamosi."

Mtumishi wa reli, Mtanzania aliyeitwa Saulo, aliona vile na kusogea. Aliwafukuza wale vijana, kisha akamwambia Evarista kwamba basi la mwisho la Kitwe linaondoka muda si mrefu. "Huna kwacha yoyote?"

"Sina. Nina masweta."

Saulo alidhani anatania. Lakini Evarista alikuwa ameshafungua mzigo. Jioni za msimu ule kule nako kuna baridi kavu ipenyayo mifupani, na kondakta wa basi alikuwa mlangoni na shati la mikono mifupi, amejikunyata. Evarista alitoa lile sweta kubwa, la rangi ya kahawia, alilomfumia Timotheo. Alilishika kidogo. Kisha akampimia kondakta mabegani kama alivyowapima watoto wa Iringa. Lilimtosha.

"Mwambie ni nauli yangu hadi Kitwe," alimwambia Saulo. "Na anirudishie chenji."

Saulo alicheka mpaka akashika kiuno, lakini aliitafsiri yote. Kondakta naye alicheka, akavaa sweta, akamlipa chenji, akampa kiti cha mbele. Hakuna mtu aliyekata ada.

Nyumba ya Timotheo, kama Andendekisye alivyomwelekeza, ilikuwa kwenye mtaa wa wachimbaji, safu kwa safu za nyumba zinazofanana. Aliyempokea mlangoni ni yule jirani, mama wa Kibemba mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa. Watu walimwita Bana Mwape, yaani mama Mwape. "Mwaiseni, mukwai!" alimkaribisha, akamshika mikono yote miwili. Hawakuwa na lugha moja, lakini walielewana papo hapo.

Ndani, Timotheo alikuwa kitandani, ameuelekeza uso ukutani. Aligeuka. Nywele zilikuwa na mvi. Kwa kitambo hakumtambua dada yake, na alipomtambua alikasirika.

"Nani kakuita?"

"Kamwene, kaka," alisema Evarista, akimsalimu Kihehe.

Timotheo alifumba macho. Akajibu kwa sauti ndogo, "Kamwene."

Jumapili yote walizungumza, na yote yaliishia palepale. Timotheo hakutaka kurudi. Alikuwa amelipwa fidia ya mguu, pamoja na haki zake za kazi, na fedha zile zilikuwa benki ya Kitwe. Sheria iliruhusu mtu anayetoka nchini kubeba mkononi kiasi kidogo tu. Nyingine ingebaki kungoja vibali, ikikatwa hapa na kukatwa pale.

"Miaka ishirini nimekaa chini ya ardhi, Evarista. Ishirini! Nilisema nitarudi na kitu. Sasa nirudi na mguu mmoja na mikono mitupu, mama anione? Pesa yangu haivuki mpaka."

"Wewe unavuka."

"Nivuke nikafanye nini?"

"Mama anakutaka."

"Mama ana macho?"

"Anaona kidogo. Ndiyo maana nina haraka."

Timotheo akaugeukia tena ukuta. Evarista hakumbembeleza zaidi. Alitoka nje akamsaidia Bana Mwape kuchambua mboga, akawavika watoto wake masweta, na wote wakapiga kelele za furaha. Kichwani alikuwa akihesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa.

Jumatatu asubuhi aliingia chumbani na maji ya moto, sabuni, na shati aliloliosha usiku. Magongo yaliyoachwa pembeni tangu hospitali aliyafuta vumbi akayaegemeza kitandani.

"Amka tuende benki."

"Nenda wewe."

"Sijui Kiingereza. Sijui Kibemba. Nitamwambia nini karani? Nina hundi moja na chenji kidogo tu. Utanisemea."

"Mwombe Bana Mwape."

"Bana Mwape hajui Kiswahili. Kaka, mimi nimetoka Iringa peke yangu. Nimelipa nauli kwa sweta lako. Huwezi kunisindikiza mpaka benki?"

"Sweta langu?"

Akamsimulia habari za kondakta. Timotheo hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka puani, na kikishatoka kimoja vilifuata vingine. Alinyoosha mkono, akachukua magongo.

Mtaa mzima ulitoka kumwona. Alitembea akitota jasho, Evarista kando yake bila kumshika, maana alijua kwamba akimshika atakasirika. Walipumzika mara kwa mara kwenye kuta za watu. Wanaume waliofanya naye kazi kwenye pampu za mgodini walimwita kwa jina la kazi, na yeye alijibu, mwanzoni kwa kichwa tu, baadaye kwa sauti.

Benki, karani aliipokea hundi, akaigonga, akahesabu noti. Evarista aliuliza kupitia kaka yake ni kiasi gani kimekatwa na kwa nini. Karani alieleza: ada ya hundi, na stempu. Evarista aliitikia kwa kichwa, akafunga noti kitambaani. "Ni moja tu, tumekatwa mara moja," alisema. "Sasa muulize habari za pesa yako."

"Najua habari zake."

"Umewahi kuuliza, au uliambiwa na watu?"

Timotheo alisita. Alikuwa ameambiwa na watu. Basi akauliza, na maongezi yakawa marefu, kwa Kiingereza cha mgodini na Kibemba. Mwishowe aligeuka.

"Anasema zinaweza kutumwa benki ya Iringa. Si kwa pamoja. Kidogokidogo, kila mara kwa kibali. Na kila zikitumwa wanakata huku, na kule wanakata zikipokelewa. Umeona? Itafika nusu. Wataila yote!"

"Amesema nusu?"

"Hapana. Lakini itapungua, Evarista. Hii ni pesa ya mguu wangu!"

Watu kwenye foleni walikuwa wakiwatazama. Evarista alisogea karibu.

"Kaka, mimi nimekwepa ada kila mahali nilipoweza. Nimetoa sweta lako Kapiri kuliko kumpa mtu nusu ya hundi yangu. Pesa hainitoki hivihivi, waulize Kihesa. Lakini hii hatuna pa kuikwepa. Ndiyo bei ya kutoka hapa. Ilipe, twende nyumbani."

Timotheo alisimama akiegemea magongo, taya zikicheza. Karani aliuliza kitu, labda kama wamemaliza. Timotheo akavuta kalamu iliyofungwa kwa uzi pale dirishani, akaomba karatasi za maombi.

Siku zilizofuata hazikutosha. Kulikuwa na kuaga mgodini, kurudisha ufunguo, kugawa vyombo. Kitanda alimwachia Bana Mwape, na Bana Mwape alilia kwa sauti mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Ijumaa walikuwa Kapiri mapema, na Saulo wa reli alipomwona Evarista anashuka kwenye basi na mwanamume mwenye magongo, alimkimbilia kubeba mzigo.

Mpakani ofisa wa forodha alimuuliza Timotheo ana fedha kiasi gani. Akamwonyesha zote, na karatasi ya benki. Ofisa alizihesabu, akatazama ile suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini, akamrudishia. "Karibu nyumbani, mzee," akasema. Timotheo hakuwahi kuitwa mzee kwa Kiswahili. Alikaa na lile neno dirishani mpaka milima ya Mbeya ilipoonekana.

Kilolo walifika na gari la mizigo. Bibi Rozalia alikuwa ameketi uani juani. Alisikia sauti ya magongo, akainua uso. Timotheo alijishusha chini mbele yake, kwa shida, na mama akampapasa kichwa, masikio, mabega, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine mpaka ulipoishia. Mkono wake ulituama pale.

"Panauma?"

"Baridi ikizidi, mama."

"Hapa kuna baridi," alisema. "Evarista, mfumie soksi ya hapa."

Ndipo Timotheo alipolia.

Fedha zilianza kufika mwaka uliofuata, kidogokidogo kama walivyoambiwa, kila mara pungufu. Timotheo alizoea kulalamika siku nzima kila zilipofika, na Evarista alizoea kumwacha alalamike. Hazikumtajirisha. Zilimtosha kujenga chumba chake na kununua ng'ombe wa maziwa.

Kilichomrudishia heshima yake kilikuwa kitu kingine. Pampu ya maji ya kijiji ilikuwa imeharibika, na fundi wa wilaya hakuwa na nafasi. Siku moja abiria waliotoka Kilolo walimpitia Evarista barazani Kihesa, wakamwambia kaka yake ameikalia ile pampu na hataki mtu amsogelee. Evarista alimwachia Marta oda za masweta, akapanda gari mchana uleule.

Alimkuta kisimani, ameketi chini, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni. Vijana wenye nguvu walikuwa wakishika wanachoamriwa kushika, naye akiwafokea kwa Kihehe na Kibemba pamoja, na wao, bila kujua nusu ya maneno, wakitii. Akina mama walisimama pembeni na ndoo. Timotheo alimwona dada yake, lakini hakuwa na nafasi ya kumsalimu.

"Kaza!" alipiga kelele. "Kaza tena, wewe! Sasa, sukuma!"

Bomba lilikohoa, likatema tope, likanyamaza, likakohoa tena. Halafu maji yakaja.

Evarista aliazima ndoo kwa mwanamke wa jirani, akasimama kwenye foleni pamoja na wenzake. Zamu yake ilipofika alijaza mpaka juu, akajitwika, akashika njia ya kwenda kwa mama.